Taa ya Mikono Mitatu

Utepe wa polisi ulikuwa umekatwa. Kipande kimoja kilining'inia kwenye kitasa, kingine kilikanyagwa sakafuni. Inspekta Nives Carraro alimgeukia Sajini Arrigoni, naye Arrigoni akatikisa kichwa: si yeye. Ndani ya nyumba mtu alifunga droo kwa kishindo.

Nives akausukuma mlango.

Katikati ya sebule alisimama mwanamke mrefu wa miaka arobaini hivi, koti jeusi limefungwa hadi shingoni, gauni la kijivu mkononi. Alikuwa Fulvia Pozzoli, mtoto pekee wa marehemu.

"Nani amekuruhusu kuingia humu?" Nives aliuliza.

"Ruhusa ya nini? Hii nyumba ya mama yangu. Nimekuja kuchukua gauni la kumzikia. Au mnataka azikwe na shuka la hospitali?"

"Ungepiga simu kituoni."

"Nilipiga. Nikaambiwa inspekta ametoka kunywa kahawa."

Arrigoni alijikohoza na kuangalia dirishani, ambako ukungu wa Februari ulikuwa umeyameza mapaa yote ya mtaa wa Lambrate. Ni yeye aliyekuwa na hamu ya kahawa.

"Hapo umenipata," Nives alisema. "Sasa kaa hapo ulipo na usiguse kitu kingine."

Tangu Jumamosi mchana, Fulvia alipomkuta mama yake amelala chini, nyumba hii ilikuwa mali ya upelelezi. Ersilia Galbusera, mjane wa miaka sitini na saba, mshonaji wa kurekebisha nguo za watu, alipigwa kichwani kwa pasi yake mwenyewe, ile nzito ya chuma ya mafundi cherehani. Daktari alisema alikufa Ijumaa, kati ya saa tisa na saa kumi na mbili jioni. Pasi ilipanguswa safi. Mkoba wa marehemu haukuguswa, pete yake ya ndoa ilibaki kidoleni. Kilichokosekana ni kimoja tu: taa ya ukutani.

Si taa ya hivi hivi. Ilikuwa na mikono mitatu ya shaba, kila mkono na kiungo chake cha kuuzungusha, na kila ncha na kikofia cha bati, kimoja cheupe, kimoja cheusi, kimoja chekundu. Ilitengenezwa katika karakana ya msanifu Aurelio Vismara hapa hapa Milano, miaka arobaini iliyopita, wakati mabinti wa Lambrate walipokuwa wakitoka viwandani na vidole vyeusi. Siku hizi watu wenye fedha zao walizigombea taa hizo kama mbwa wanavyogombea mfupa. Kwa hiyo mwendesha mashtaka, bila kuvua koti lake, alikwishaandika kwenye jalada: wizi, na mauaji katika wizi.

Nives aliikaribia meza ya kushonea. Juu yake, ukutani, palibaki duara la rangi ya krimu lisilochakaa, na katikati ya duara tundu lililotoa nyaya mbili. Jumamosi kila mtu aliitazama maiti. Huu ukuta hakuna aliyeutazama sawasawa.

"Arrigoni, nipe kurunzi."

Nyaya zilikuwa zimekatwa sawa kwa sawa. Kila ncha ilizungushiwa tepu nyeusi ya umeme, mizunguko mitatu, ukingo umebanwa vizuri. Matundu ya skrubu hayakuvunjika hata chembe ya lipu.

"Niambie, Sajini. Umemuua mtu sasa hivi. Yuko chini hapo. Jirani huenda kasikia. Unang'oa taa na kukimbia. Utazungusha tepu?"

"Mimi nyumbani kwangu sizungushi, sembuse kwa watu," Arrigoni alisema. "Mke wangu kanusurika mara mbili."

"Huyu alizima umeme, akafungua skrubu kwa bisibisi, akafunika nyaya ili mwenye nyumba asirushwe. Huyu alijua mwenye nyumba ataendelea kuishi hapa."

"Maneno matupu," Fulvia alisema nyuma yao. "Mama ameuawa, nyinyi mnasifia tepu."

Nives alikuwa anaangalia kitu kilichobanwa kwenye ukingo wa meza: taa ndogo ya plastiki, ya kijani, yenye umbo la chura, balbu ikimtoka mdomoni. Waya wake uliungwa na waya mwingine mrefu uliopita chini ya zulia hadi chumbani. Chini ya chura palilala koti la mwanamume. Upindo wa chini ulikuwa umeshonwa karibu wote, sindano bado imechomekwa.

"Hiki kichekesho ni cha nani?"

"Changu," Fulvia alisema kwa kusitasita. "Nilinunuliwa hicho nikiwa na miaka sita. Kilikaa chumbani kwa mama, juu ya kabati la viatu."

"Ulikiona lini mara ya mwisho huko chumbani?"

"Jumapili ile nyingine, nilipokuja kula. Kwa nini?"

"Kwa sababu mama yako alishona upindo huu chini ya chura huyu. Angalia sindano ilipofika. Hiyo ni kazi ya saa nyingi. Mtu mwenye taa ya mikono mitatu juu ya kichwa hahamishi taa ya mtoto. Mama yako aliihamisha kwa sababu taa yake haikuwepo tena. Mwuaji alipoingia Ijumaa, ukuta huu ulikuwa mtupu."

Fulvia aliketi. Hakutafuta kiti, alikutana nacho tu. Gauni la kijivu lilimponyoka likaanguka miguuni.

"Haikuwepo?" alisema. "Ijumaa haikuwepo?"

"Inakushangaza hivyo?"

Yule mwanamke alimtazama Nives kwa macho makavu, yenye chuki isiyofichwa. Kisha akainama, akaokota gauni, akalikunja vibaya chini ya kwapa.

"Mazishi ni Jumatano. Msije," alisema, akatoka bila kuufunga mlango.

* * *

Mlinzi wa lango la jengo alikuwa amesema, baada ya kubembelezwa kwa sigara mbili, kwamba Alhamisi saa kumi na moja jioni alimwona Gualtiero Besana akishuka ngazi na mzigo uliofungwa kwa blanketi. Kila mtu aliyependa vitu vya zamani mjini alimjua Besana. Duka lake lilikuwa karibu na mfereji, kioo kimoja kikubwa, ndani viti vya miguu myembamba vilivyopangwa mbali mbali kama wagonjwa wanaoogopa kuambukizana.

"Usikalie!" ndilo neno la kwanza walilosikia.

Arrigoni, aliyekuwa ameshainamisha makalio, akasimama wima.

"Kiti si cha kukalia?"

"Si cha kukaliwa na wewe." Besana alitokea nyuma ya pazia. Alikuwa mtu mfupi, aliyenyoa vizuri, na skafu ya hariri shingoni ingawa jiko la gesi liliwaka. "Mnatafuta nini?"

"Taa ya Ersilia Galbusera," Nives alisema, akionyesha kitambulisho.

"Simjui."

"Lambrate, ghorofa ya tatu."

"Sijafika Lambrate tangu nilipopata akili."

"Mlinzi wa lango amekuona Alhamisi."

"Yule mzee ana macho ya kuku. Giza likianza tu, kwisha habari yake."

"Saa kumi na moja bado hakujawa giza, Bwana Besana. Sasa sikiliza. Nina mwanamke aliyepasuliwa kichwa, na nina mtu aliyebeba blanketi. Mwendesha mashtaka hapendi kazi ndefu. Nikimpelekea hivyo vitu viwili, atavifunga pamoja kabla ya chakula cha mchana, na mimi nitarudi nyumbani mapema. Nisaidie nisirudi mapema."

Besana alibana midomo. Aliuendea mlango wa duka, akaufunga kwa ufunguo, akageuza kibao kionyeshe kuwa duka limefungwa.

"Mnanuka ukungu, nyote wawili," alisema, na akaingia nyuma ya pazia.

Alirudi na blanketi, akalilaza mezani na kulifungua polepole. Hata Arrigoni, ambaye kwake taa ilikuwa ni kitu cha kuzima ukitaka kulala, alisogea. Mikono mitatu ya shaba ilikuwa imekunjwa kama miguu ya panzi. Ukiusukuma mmoja kwa ncha ya kidole, ulizunguka bila sauti na kubaki pale pale ulipouachia.

"Aliniita mwenyewe," Besana alisema. "Wiki mbili nzima ananisumbua kwa simu. Njoo uing'oe, uifungue mbele ya wakili Jumatatu. Yaani leo. Alhamisi nikaenda, akanisimamisha nje ya mnyororo hadi nikapitisha kitambulisho. Alinisimamia kama askari jela. Zima umeme. Usikwaruze. Zungusha tepu. Nikazungusha mara moja, akasema tatu. Nikamwambia mama, utashonaje bila taa? Akanituma chumbani nikamletee yule chura wake. Nikacheka. Akaniambia, 'Cheka ukishafika nje.'"

"Yule chura umemfunga wewe?"

"Nani mwingine? Nilitambaa chini ya zulia na suruali hii hii."

"Na uliposikia amekufa, ukanyamaza."

"Ningesema nini? Samahani, mimi ndiye niliyeichukua, lakini sikumuua? Nyinyi mngenisikiliza?"

"Hapana," Nives alikiri. "Ndani yake kuna nini?"

Besana alisita. Hii, ilionekana, ndiyo sehemu iliyomuuma. Aliigeuza taa. Ile sahani ya shaba ya kuikutanisha na ukuta ilikuwa na kifuniko chembamba kwa nyuma, na kifuniko kilishatolewa.

"Sikuweza kungoja Jumatatu," alisema. "Soma mwenyewe."

Ndani ya sahani, kwa ncha ya chuma, mkono ulioshupaa ulikuwa umechora taa nzima ndogo, pamoja na vipimo vya kila kiungo. Chini yake: *Ya kwanza. Nimeibuni na kuiunda mimi, E. Galbusera, Machi 1955.*

"Kitabu cha Vismara kinasema mzee Aurelio aliibuni Oktoba 1956, akiwa mapumzikoni milimani," Besana alisema. "Kuna hata picha yake na kalamu, anaangalia theluji. Kumbe miezi kumi na tisa kabla ya theluji hiyo, msichana wa mashine ya kukerezea shaba karakanani kwake alikuwa ameshaimaliza. Mimi nimeuza nane za taa hizi, kila moja na cheti chenye saini ya Vismara mdogo. Wateja wangu watanichuna ngozi. Nilitaka kuiyeyusha, nakwambia ukweli. Jana nimeiwekea moto karibu."

"Kwa nini hukuiyeyusha?"

"Umeiona inavyozunguka?" Besana alisema kwa hasira, kama aliyetukanwa. "Basi usiniulize upumbavu."

* * *

Tancredi Vismara, mtoto wa msanifu, aliwaweka dakika arobaini kwenye ukumbi. Ukutani palikuwa na mabango ya maonyesho ya kutimiza miaka mia tangu baba yake azaliwe; yalibakiza majuma mawili kufunguliwa. Kwenye kila bango ilikuwa taa ya mikono mitatu.

Aliwapokea bila kusimama. Alikuwa na miaka sitini, nywele nyeupe zilizochanwa nyuma, mikono mizuri iliyotunzwa.

"Bwana Vismara," Nives alianza.

"Mhandisi Vismara. Shahada niliipata kwa jasho." Aliinamisha kichwa, akasikiliza kitu. "Hiyo lafudhi. Wewe ni mtu wa Veneto, sivyo? Tulikuwa na msichana wa kazi kutoka huko. Wasafi sana. Wabishi kidogo."

"Mama yangu pia alikuwa msichana wa kazi mjini hapa," Nives alisema. "Alisema mabwana walikuwa wachafu sana. Ulimjua Ersilia Galbusera?"

"Jina tu. Alikuwa kibarua wa baba. Wapo mia waliopita pale."

"Mlionana lini mara ya mwisho?"

"Mazikoni kwa baba. Miaka ishirini na mbili iliyopita. Alisimama nyuma, na kofia mbaya."

"Nyumbani kwake hujawahi kufika?"

"Lambrate?" Alilitamka jina hilo kama mtu anayetoa unywele mdomoni. "Hata siku moja."

"Binti yake je? Fulvia Pozzoli. Umewahi kuongea naye?"

"Sikujua kama ana binti. Inspekta, nimesoma magazeti. Mwizi ameingia, kaiba taa ya baba yangu, kamuua mwanamke. Inasikitisha. Mtafuteni mwizi. Mimi nina maonyesho."

"Aliandikia jumba la maonyesho barua. Mwezi uliopita. Alidai taa ni yake."

Barua hiyo Nives aliipata asubuhi, nakala yake, kwenye droo ya vifungo. Vismara alitabasamu kwa upande mmoja wa uso.

"Wazee hudai mengi."

"Alisema ana ushahidi."

"Ushahidi!" Sasa alisimama. Nives alimwacha apandwe na hasira. Mtu wa namna hii, alijua, ukimbana ananyamaza. Ukimwonyesha kwamba unamwamini mtu wa chini kuliko yeye, anafoka. Kwa hiyo akafungua daftari na kusema taratibu, kama anayesoma:

"Mimi si mtaalamu, Mhandisi. Lakini nimeuangalia ule mchoro wake, nikaona huyu mama alielewa mwanga kuliko..."

"Kuliko nani? Kuliko baba yangu?" Uso ulimwiva. "Mwanga! Baba alifikiri juu ya mwanga miaka thelathini. Kivuli kinaangukia wapi, jicho linapumzika wapi. Na wewe unanitajia kibibi anayeshona mapindo, pua imegusa kitambaa, chini ya chura wa plastiki! Huyo ndiye anayeelewa mwanga?"

Arrigoni aliacha kuandika. Chumba kizima kilitulia, na Vismara, aliyekuwa bado ameinua mkono, alihisi utulivu huo bila kuelewa ulikotokea.

"Chura yupi?" Nives aliuliza.

"Nini?"

"Umesema chura wa plastiki. Nauliza yupi."

"Ni... namna ya kusema."

"Sajini, umewahi kusikia namna hiyo ya kusema?"

"Kwetu tunasema mshumaa," Arrigoni alisema.

"Basi nitakueleza, Mhandisi, kwa sababu umelipokea swali langu vibaya. Taa ya ukutani iliondolewa Alhamisi saa kumi na moja jioni. Aliyeiondoa yuko hai na amesema. Ni yeye aliyemtoa chura chumbani na kumbana mezani, kwa mara ya kwanza. Jumamosi mchana tukaifunga nyumba. Magazeti yamepiga picha ya lango la jengo tu. Ndani hakuingia mpiga picha hata mmoja isipokuwa wetu. Kwa hiyo aliyemwona Ersilia Galbusera, akiwa hai, anashona chini ya chura, alimwona kati ya Alhamisi jioni na Ijumaa jioni. Nyumbani kwake. Lambrate."

"Nimeambiwa."

"Na nani?"

"Na binti yake."

"Ambaye hukujua kama yupo."

Vismara aliketi. Mikono ile mizuri aliiweka mezani, mmoja juu ya mwingine.

"Ulikwenda kuchukua taa," Nives aliendelea, bila kupandisha sauti. "Ukakuta ukuta mtupu. Ukamwuliza iko wapi. Yeye akaendelea kushona. Sivyo?"

"Hakuinua hata kichwa," Vismara alisema. Sauti ilimtoka nyembamba, yenye chuki ya mtoto. "Nilimwambia jumba litayafuta maonyesho, jina la baba litaburutwa matopeni. Akaniambia, 'Sogea, unanizibia mwanga.' Mimi! Mwanga wa kile kitu!"

Kisha akafumba mdomo. Alielewa alichokisema. Akainua simu kumwita wakili wake, na Nives akamwacha aipige, kwa sababu sheria ni sheria. Arrigoni alikwenda kusimama mlangoni.

Wakati wakisubiri, Nives alibaki na jambo moja lililomkwaruza kama mwiba wa samaki kooni.

"Mlango ulikuwa na mnyororo," alisema. "Haukuvunjwa. Besana, aliyemwita mwenyewe kwa simu, alisimamishwa nje hadi apitishe kitambulisho kwenye upenyo. Wewe alikufunguliaje?"

Vismara alitazama bango la baba yake. Alipogeuka alikuwa amepata tena sehemu ya dharau yake, kama mtu aliyeokota kofia iliyopeperushwa na upepo.

"Hilo la binti sikudanganya," alisema. "Nimeambiwa. Muulize yule binti."

* * *

Fulvia Pozzoli alikuwa kwenye korido ya chumba cha maiti, ameketi kwenye benchi la mbao, gauni la kijivu mapajani. Ilikuwa saa tisa alasiri. Mhudumu alikuwa amemwambia asubiri zamu yake, naye alisubiri, mgongo umenyooka kama mtu anayesubiri kuhukumiwa.

Nives alikaa upande wa pili wa benchi. Hakuomba ruhusa.

"Taa tumeipata leo. Tumemkamata Tancredi Vismara."

Fulvia hakugeuka. "Amesema nini?"

"Amesema nikuulize wewe."

Mhudumu alipita akisukuma kitanda kitupu. Magurudumu yalipiga kelele hadi mwisho wa korido, yakanyamaza.

"Huwezi kujua," Fulvia alisema. "Wewe umeiona ile taa leo. Mimi nimeiona miaka arobaini. Nikiugua, alikuwa anaifuta vumbi. Baba alipokufa, jioni ile ile aliifungua viungo akavipaka mafuta. Kila mgeni lazima asikie: hii niliitengeneza mimi, wakaniibia. Kila Krismasi, kila Jumapili. Mimi pia alinitengeneza yeye, lakini hilo hakumwambia mgeni hata mmoja."

"Ulimpigia simu Vismara."

"Jumatano. Nikamwambia kuna barua, kuna maandishi nyuma ya taa, kuna wakili Jumatatu. Nikamwambia njoo uichukue, uende nayo, tupumzike. Sikutaka hata asante." Alicheka kidogo, kicheko kibaya. "Nilidhani ataichukua tu. Ni taa! Atamsukuma, atapiga kelele, atalia, basi. Jumamosi nilipoona ukuta mtupu, nikajua ni yeye. Nikasema kimoyomoyo, angalau imekwenda. Mama amelala pale chini, na mimi nikawaza hilo. Halafu leo asubuhi unakuja na kurunzi yako, unaniambia haikuwepo."

"Mlango, Bi Pozzoli."

"Mama hakumfungulia mtu. Alikuwa mwoga tangu baba afe." Fulvia alianza kulinyoosha gauni kwa viganja, mkunjo mmoja baada ya mwingine. "Mimi nina namna yangu ya kupiga kengele. Mbili fupi, halafu unangoja, halafu moja. Tangu nilipokuwa shule. Akiisikia anatoa mnyororo moja kwa moja, anarudi kukaa, mlango anauacha wazi. Haangalii hata ni nani."

"Na Vismara?" Nives aliuliza.

"Nilimfundisha kwa simu," Fulvia alisema. "Alikosea mara ya kwanza. Nikamrudishia."

Mlango wa chumba cha maiti ulifunguliwa na mhudumu akaita jina la Galbusera. Fulvia alisimama. Nives naye alisimama, na pengine uso wake ulionyesha kitu ambacho hakukusudia, maana yule mwanamke alimkunjia uso kama asubuhi ile.

"Usinionee huruma. Huna kazi hiyo. Toa daftari lako."

Nives alilitoa.

"Andika," Fulvia alisema. "Andika kwamba alidhani ananifungulia mimi."

Alingoja hadi kalamu iliposimama, akahakikisha kwa macho kuwa limeandikwa, kisha akaingia ndani kumvisha mama yake.